Miaka Mitano ya Kuchagua

Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya Kenya, waliokaa meza moja na kuapa kulinda katiba moja, walifikia suala la kuondoka kazini na kila mmoja akalitazama kwa jicho lake. Jaji Mkuu, Willy Mutunga, alikuwa na haki ya kubaki mpaka atimize miaka 70. Aliondoka Juni mwaka huo, mwaka mzima kabla ya muda wake. Naibu wake, Kalpana Rawal, alikuwa ameshatimiza 70, na mwenzao Philip Tunoi alikuwa ameshaipita. Hao wawili nao walikuwa mahakamani, ila safari hii walisimama upande wa walalamikaji. Walidai kwamba waliajiriwa chini ya katiba ya zamani, iliyowaruhusu kufanya kazi mpaka miaka 74, na kwamba katiba mpya ya 2010 isiwapunguzie miaka yao minne.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, wanangu. Ukiajiriwa kwa masharti fulani, una haki ya kuuliza yamebadilishwaje katikati ya safari. Mei 2016 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mwisho ni 70, wakasonga mbele na rufaa nyingine, na Juni njia ikafungwa. Mutunga naye hakuficha sababu yake. Uchaguzi mkuu ulikuwa unakuja Agosti 2017, akataka Jaji Mkuu mpya apate muda wa kukaa sawa kabla kesi za uchaguzi hazijapiga hodi. Zikapiga hodi kweli: Septemba 1, 2017, mahakama hiyo, ikiongozwa na David Maraga, ilifuta matokeo ya urais.

Basi kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila sababu inaeleweka. Ila sababu nzuri zipo tele duniani, za kukaa na za kuondoka. Mimi huwa najiuliza kwa nini sababu fulani humkaa mtu mmoja moyoni na kumpitia mwenzake mbali. Mutunga huyu ndiye aliyeulizwa kuhusu kipini cha sikioni wakati wa usaili wa kazi ya Jaji Mkuu mwaka 2011, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni, akasema hatakivua hata kama kitamkosesha kazi. Siwezi kumpima mtu kwa kipini, wala kwa uamuzi mmoja. Lakini mtu aliye tayari kukosa kiti kabla hajakikalia, sishangai akikiachia mapema baada ya kukikalia.

Leo nataka tuzungumze juu ya hilo: tabia ya mtu inavyoingia kwenye uamuzi wa lini aache kazi. Nyinyi mna miaka kumi na kitu, mtaona ni mambo ya wazee. Ni ya wazee kweli, na wazee wenyewe ndio hao mnaoishi nao nyumba moja.

Tuanze na tabia. Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walichukua kamusi kubwa ya Kiingereza na kuokota humo kila neno linaloeleza mtu alivyo: mkarimu, mbishi, mwoga, mchapakazi, na kadhalika. Walipata karibu maneno 18,000. Hebu pigeni picha kazi hiyo, bila kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa. Waliowafuata walitumia miongo kadhaa kuyachambua maneno hayo na kuona yapi hutembea pamoja, na kufikia miaka ya 1980 wengi walikuwa wakikubaliana juu ya mafungu matano makubwa. Kuna udadisi, yaani kupenda mambo mapya na mawazo mapya. Kuna umakini, ule wa mtu anayepanga, anayemaliza alichokianza na hachelewi. Kuna uchangamfu wa mtu anayepata nguvu akiwa na watu. Kuna upole, wa mtu anayejali wenzake na hapendi kugombana. Na kuna wasiwasi, wa mtu ambaye moyo wake huona mvua kabla ya wingu.

Kila mtu ana vyote vitano. Tunatofautiana vipimo tu.

Sasa, watafiti wangejuaje kwamba vipimo hivyo vina uhusiano na kustaafu? Waliamua kuwafuata watu. Tangu mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kinawafuatilia maelfu ya watu waliovuka miaka 50, kikirudi kwao kila baada ya miaka miwili kuwauliza juu ya afya, fedha na kazi. Mwaka 2006 kiliongeza maswali ya tabia. Kwa hiyo mtafiti anaweza kumtazama mtu aliyejieleza kuwa mwenye wasiwasi mwingi akiwa na miaka 56, kisha akaangalia mtu huyohuyo yuko wapi akiwa na 62: kazini, nyumbani, au kazini nusu siku. Utafiti wa namna hii unahitaji uvumilivu wa mkulima wa minazi.

Lakini hatuhitaji kwenda Michigan kuona jambo lenyewe. Sheria ya Tanzania imetuwekea mahali pazuri pa kutazama. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na analazimika kustaafu akitimiza 60. Maprofesa na madaktari bingwa wamesogezewa mbele: hiari 60, lazima 65. Kabla ya 55 mtumishi wa kawaida haruhusiwi kustaafu kwa hiari, baada ya 60 hana chaguo tena. Katikati ipo miaka mitano ambayo sheria imenyamaza na kumwachia mtu mwenyewe aamue. Hapo ndipo tabia hupata nafasi ya kusema.

Tuwabuni walimu wawili wa shule moja ya msingi. Waliajiriwa mwaka mmoja, wana daraja moja la mshahara, na wote wametimiza miaka 55 mwaka huu. Wa kwanza anafundisha Hisabati darasa la sita na la saba. Bikari yake ya mbao na rula yake ya mita ameziandika jina kwa kalamu isiyofutika, na huzifungia stoo kila jioni yeye mwenyewe, kwa sababu zamani kuna mwalimu aliwahi kuziazima na kuzirudisha zimepinda. Daftari lake la mahudhurio halina hata mahali palipofutwa. Wa pili ni mwalimu wa kike wa darasa la kwanza. Anaimba kuanzia getini. Wazazi wanamfahamu, wauza maandazi wanamfahamu, na rimu la gari lililotundikwa mwembeni kuwa kengele ya shule ni yeye aliyelitafuta gereji.

Nani ataandika barua ya kustaafu kwa hiari?

Wengi wenu mtasema huyu wa Hisabati atang'ang'ania mpaka 60. Mtu makini, kazi ndiyo maisha yake. Inawezekana kabisa. Watu makini hupenda kazi iliyofanyika vizuri, huaminiwa na wakubwa, na huitunza miili yao, kwa hiyo wakifika 55 bado wana nguvu ya kuendelea. Lakini geuzeni upande wa pili. Mtu makini alianza kufyatua matofali ya nyumba yake akiwa na miaka 30. Alipanda miti ya mbao akihesabu mwaka itakapokomaa. Ana daftari jingine, lisilo la shule, ambamo aliandika zamani kwamba akifika 55 atafanya hivi na vile. Umakini uleule unaomfanya aipende kazi ndio uliomwezesha kutoitegemea. Siku akiandika barua, wenzake watashangaa, ilhali barua hiyo aliianza kichwani miaka ishirini iliyopita.

Mnaona ugumu? Tabia moja inasukuma pande mbili. Ndiyo maana ukisoma tafiti za jambo hili unakuta majibu yanapishana, moja likisema watu makini hukaa zaidi, jingine likisema hapana. Zamani nilidhani mapishano hayo ni udhaifu wa tafiti. Siku hizi naona ndivyo mambo yenyewe yalivyo.

Na huyu mwalimu wa darasa la kwanza? Uchangamfu nao una mikono miwili. Shule ndiko waliko watu wake, kwa hiyo nyumbani atapauka. Lakini huyu pia ni mweka hazina wa kikoba, yumo kwenye kwaya, na kila Jumamosi ana msiba au harusi ya kusimamia. Akiacha shule hatapungukiwa watu hata kidogo. Mtu wa kuhurumiwa ni yule mkimya ambaye watu pekee anaozungumza nao ni wenzake wa ofisini, naye hajui kwamba anawahitaji mpaka siku atakapowakosa.

Wasiwasi ndilo fungu linalonivutia kuliko yote, kwa sababu lina uhusiano wa karibu na fedha, na fedha za kustaafu zimekuwa na mambo yake. Mnisikilize kidogo hapa, hata kama hesabu inawachosha. Mtumishi anapostaafu hulipwa mafao kwa njia mbili: sehemu hulipwa mara moja kwa mkupuo, na iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni, mradi awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Sehemu ipi iwe mkupuo na ipi iwe ya kila mwezi huamuliwa na kanuni ambayo watu wote wanaiita kikokotoo. Agosti 2018 mifuko minne ya hifadhi ya jamii, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Kanuni mpya zikasema mkupuo utakuwa asilimia 25 kwa wote. Wapo waliokuwa wamezoea kutegemea 50. Kelele zikapanda, na Desemba 28 mwaka huohuo Rais John Magufuli akasitisha, akaagiza utaratibu wa zamani uendelee mpaka 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, mkupuo asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikapandisha tena: waliokuwa wameshushwa kutoka 50 wakapewa 40, na waliokuwa na 25 zamani wakapewa 35.

Mkupuo na pensheni ya mwezi vinatoka chungu kimoja, kwa hiyo mkupuo ukiwa mdogo, cha kila mwezi huwa kikubwa zaidi. Mtu mzima anaweza kukaa na karatasi akapiga hesabu kwa utulivu. Lakini ni wangapi walikaa kwa utulivu? Habari ileile iliingia nyumba mbili na kuzaa maamuzi mawili. Mwenye wasiwasi wa aina moja alisema: niondoke sasa hivi kabla hawajabadilisha tena. Mwenye wasiwasi wa aina ya pili alisema: siondoki, huko nje hakuna anayenijua, angalau mshahara nauona kila mwisho wa mwezi. Wote wawili hawakulala usiku huo. Asiye na wasiwasi alilala, na asubuhi akauliza kikokotoo ndiyo nini.

Utafiti mmoja wa Norway, uliochapishwa 2012, ulifanya jambo la busara: uliunganisha majibu ya watu kuhusu tabia zao na kumbukumbu za serikali zinazoonyesha nani alitoka kazini lini na kwa njia ipi. Watafiti wakaona kwamba tabia ilionekana zaidi kwa wale waliotoka kwa sababu ya afya, wanaopewa pensheni ya ulemavu. Kwa wanawake, wenye wasiwasi mwingi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kwa njia hiyo. Kwa wale waliostaafu kwa njia ya kawaida, tabia haikuonekana kutabiri kitu. Nimeusimulia utafiti huu kwa makusudi, maana msimulizi anayewaletea tafiti zinazomuunga mkono tu anawapunja. Norway pensheni ni nzuri na imetulia. Huenda mahali ambapo fedha hazimtii mtu hofu, hofu yake hukosa cha kushika. Hilo la mwisho ni langu, si lao.

Upole nao una hadithi yake, na mara nyingi ni hadithi ya mtu asiyejua kusema hapana. Mtu mpole anaweza kuwa ameshachoka, magoti yanauma, barua iko kwenye droo. Siku anaipeleka kwa mwalimu mkuu, anaambiwa: "Mwalimu, tusaidie mwaka huu mmoja tu. Darasa la saba wana mtihani, nikuachie wewe uende nimpe nani?" Anarudi na barua yake. Mwaka unaofuata wimbo ni uleule. Nimeona watu waliofika 60 kwa mtindo huo, mwaka mmoja mmoja, wakimsaidia mtu. Lakini nimeona pia wapole walioondoka 55 kwa sababu hiyohiyo ya kusaidia: mama yao amepooza kijijini, ndugu wengine wana visingizio, na aliye mpole ndiye aliyekwenda. Na mara nyingi huyo alikuwa binti.

Mpaka hapa mmeanza kushuku kwamba tabia haiamui kitu, maana kila tabia inaweza kumpeleka mtu popote. Sivyo. Tabia huonekana unapoiweka pamoja na kazi yenyewe. Chukueni mtu mdadisi. Mkimweka masjala, afungue mafaili na kuyafunga, barua ziingie na zitoke, miaka 30, huyo siku ya kutimiza miaka 55 atakuwa wa kwanza kwenye mlango wa afisa utumishi. Mdadisi huyohuyo mkimpa maabara chuo kikuu na wanafunzi wenye maswali, atafika 65 akilalamika kwamba muda umekwisha haraka. Au muuguzi wa wodi ya wazazi, mwenye moyo wa upole wa kutosha hospitali nzima. Upole unamwambia akae. Zamu za usiku na mgongo wake vinamwambia aondoke. Ukimhamishia kliniki ya mchana anakaa miaka mitano zaidi bila manung'uniko. Tabia yake haijabadilika, kilichobadilika ni zamu. Viongozi wengi wa ofisi hawalijui hili, nao hupoteza watu wazuri kwa sababu ya ratiba.

Hata hivyo zipo kazi ambazo hazina afisa utumishi wala miaka 60. Mvuvi wa Kilwa, mama ntilie, fundi baiskeli, mkulima: nani atawaambia wastaafu? Na nchini mwetu hao ndio wengi. Mara nyingi ni mwili au umaskini unaowaamulia, na ni upuuzi kuzungumzia tabia kwa mtu ambaye asipouza leo hali leo. Lakini mara mojamoja hutokea mtu anayetuonyesha jinsi tabia inavyofanya kazi sheria isipokuwepo kabisa. Bi Kidude wa Unguja alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyejua hasa alizaliwa lini; watu walikadiria tu. Aliimba taarab, alipiga ngoma za unyago, na mwaka 2005, akiwa bibi kizee kwa hesabu ya yeyote, alipewa tuzo ya WOMEX, inayotolewa kwa wanamuziki wa dunia nzima. Aliendelea kupanda jukwaani karibu na mwisho wa maisha yake, sigara mkononi, akawacheka waliomuuliza lini atapumzika. Alifariki Aprili 2013. Mwambie mwanamke kama huyo kuhusu kustaafu kwa hiari, atakuuliza hiari ya nani.

Na Mwalimu Nyerere je? Novemba 1985, akiwa na miaka 63, alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi. Siku hizo marais wa Afrika walioondoka kwa hiari mtu angeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono na vikabaki vya kushikia kalamu. Kwa hiyo tunamtaja kama mfano wa mtu aliyejua kuondoka, na ni haki yake. Lakini mtazameni vizuri. Uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi alibaki nao mpaka 1990. Alirudi Butiama kulima, akafasiri Injili kwa tenzi kama alivyokuwa amefasiri tamthilia za Shakespeare akiwa Ikulu, na alipofariki Oktoba 1999 alikuwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi pale Arusha. Je, huyo alistaafu lini? Mtu mwenye udadisi ule hakuwa na swali la kuacha kazi au kutoacha. Swali lake lilikuwa kazi ipi inafuata. Wapo wazee wengi wa aina hiyo mitaani kwenu, wenye madarasa ya jioni ya watoto wa jirani na mizinga ya nyuki uani, ambao kwenye karatasi wameandikwa wastaafu.

Jambo jingine ambalo vijana hamlifikirii ni kwamba tabia yenyewe haikai palepale. Watu wengi wanapokua huongezeka umakini na upole, na wasiwasi hupungua. Baba anayeamua akiwa na miaka 55 si yule mliyemwona akigombana na makondakta akiwa na 35. Na kustaafu kwenyewe kunaweza kuigusa tabia. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2019 uliona kwamba baada tu ya kustaafu, udadisi na upole wa watu hupanda ghafla, kisha hushuka taratibu miaka inayofuata. Mmewahi kumwona mstaafu wa mwezi wa kwanza? Anataka kujifunza kompyuta, anataka kufuga sungura, anamsaidia kila mtu kubeba ndoo. Msimcheke, na msimruhusu kusaini mkataba wowote mwezi huo. Matapeli wanaijua tarehe ya mkupuo kuingia benki kuliko baadhi ya watoto wa mstaafu, na mtu aliyefunguka moyo ghafla na fedha zimejaa kwenye akaunti ndiye wanayemtafuta.

Nimesema habari za mtu mmoja mmoja mpaka sasa, lakini nyumbani uamuzi huu haufanywi na mtu mmoja. Mume na mke hutazamana. Wengi hupenda kuacha kazi karibu wakati mmoja, na palipo na tabia mbili ndani ya nyumba, inayoshinda si lazima iwe ya yule anayestaafu. Turudi kwa mwalimu wetu wa Hisabati. Amekwisha piga hesabu zake zote. Mkupuo ameukadiria, pensheni ya mwezi ameikadiria, miti yake imekomaa, barua ameiandika kwa mkono kwanza halafu akaichapisha. Jioni anamsomea mkewe, ambaye ana duka la vitambaa hapo mbele ya nyumba, naye amelizoea duka lake liwe kama alivyolipanga, vitenge upande huu, doti za khanga upande ule, wateja wakae kwenye benchi wapige soga hata wasiponunua.

Mke anasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, baba," anasema. "Ukishastaafu, asubuhi utakuwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Hapa nyumbani, au hapa dukani?"

Mwalimu anafikiri. "Nitakusaidia kupanga. Naona mahesabu yako hayana daftari."

Mke anazichukua karatasi, anazikunja vizuri, anamrudishia. "Darasa la saba bado wanakuhitaji, baba," anamwambia. "Ngoja kwanza mpaka sitini."